Mwaka wangu wa kushika daftari la jogging

Daftari nililikabidhiwa Oktoba 2024, mbele ya genge la mihogo pale Mtoni Mtongani, na aliyenikabidhi hata chai hakukaa kunywa. Kaunta buku la kwaya mbili, jalada limelainika kwa jasho, ndani kurasa sita zimeandikwa na zilizobaki nyeupe pee. Mwenyekiti akanibembeleza: "Dada, wewe fundi cherehani, umezoea kupima na kuandika. Tushikie mwezi mmoja tu."

Aliyewahi kulala Temeke, huku Dar es Salaam, anazijua jogging, zile klabu za mtaani za kukimbia. Jumapili alfajiri hulali. Kundi linapita na firimbi na nyimbo za mchakamchaka, fulana za rangi moja, bendera mbele, na hujageuza upande wa pili wa mto, linapita lingine. Wakimaliza wanakaa kwenye supu. Zipo klabu zenye katiba, usajili na mfuko wa kufa na kuzikana. Sisi tulikuwa na bendera.

Mwanzoni mwa mwaka huo tulikuwa zaidi ya 40. Nilipopokea daftari tulibaki 11, na kisa kilikuwa fulana. Kila mtu alitoa 15,000, zikaja fulana za bluu zimeandikwa mgongoni JOGING, G moja katikati badala ya mbili, na maandishi yakaanza kubanduka mfuo wa pili. Aliyeshughulikia oda akawa hapokei simu. Watu hawakugombana, na bora wangegombana. Walianza kuchelewa kuamka, mmoja mmoja, mpaka kundi likaisha.

Kwa hiyo kazi yangu ya kwanza ilikuwa kushona. Alfajiri ile Barabara ya Kilwa ina giza. Njia za mwendokasi zilikuwa zimeshajengwa lakini mabasi bado, ndiyo tukazifanya uwanja wetu, sisi na bodaboda wasiowasha taa. Nikanunua utepe wa reflekta, ule wa kwenye vizibao vya bodaboda, nikaomba kila mwenye fulana ailete kibandani kwangu. Utepe nikaupitisha mgongoni, juu kabisa ya neno JOGING. Shono mbili, nje ndani. Taa ya gari ikikupiga unang'aa, na lile kosa halionekani. Sikumtoza mtu, nilichoomba ni kwamba anayetaka kurudishiwa fulana aje kuichukulia mbioni Jumapili. Walikuja 23.

Jambo la pili lilikuwa hesabu. Niliamua kila Jumapili, kabla ya supu, nasimama nasoma daftari kwa sauti. Mchango wa mwezi 2,000, nani katoa. Maji, barafu, ndimu, makato ya kutuma hela kwa simu, yote. Mwenyekiti aliona aibu mwanzoni, kwamba tunawasomea watu ndimu. Nikamwambia kaka yangu, hawa waliibiwa kimyakimya, acha tuwachoshe kwa kelele. Wakanibatiza jina, Hazina, na watoto wa mtaani nao wakaanza kuniita Mama Hazina.

Lakini kilichonifundisha klabu ni mkia.

Novemba alikuja mama mmoja muuza dagaa wa Mtoni, umri kama wa dada yangu mkubwa, sukari imempanda, daktari kamwambia atembee. Siku ya kwanza vijana walitoka mbio kama wamefunguliwa zizi. Mimi nilikuwa nyuma kwa uvivu wangu tu, nikamkuta amesimama Kwa Azizi Ally, anashika kiuno, anatafuta daladala ya kurudi. Akaniambia, "Nendeni wanangu, mimi nimeshapotea." Eti amepotea, na pale anapita kila siku ya Mungu.

Tukaanza mchezo wa nguzo. Tunakimbia kutoka nguzo ya umeme hadi nguzo ya pili, tunatembea nguzo mbili, tunakimbia tena moja. Hakuna saa wala simu inayohesabu. Jumapili iliyofuata nikasema kwenye kikao kwamba kuanzia leo kuna zamu ya kufunga mkia, na mfunga mkia haingii kwenye supu mpaka wa mwisho amefika, na kabla hawajafika wawili hao supu haimwagwi. Kocha alinuna. Yeye alitaka watu wa kasi, na kwa haki yake, bila yeye tusingejua hata kunyoosha misuli. Lakini ukishangoja supu dakika 40 na harufu inakupiga puani, unageuka mwenyewe kwenda kumpokea wa nyuma. Ikawa mtindo: waliomaliza wanarudi wakiimba, wanamleta wa mwisho kama bibi harusi.

Safari ya Moshi, mbio za Kilimanjaro Marathon mwishoni mwa Februari, sitaisimulia yote maana bado inaniuma. Tulikuwa 14, kila mtu kalipa 70,000 ya Coaster kwenda na kurudi. Usiku wa kuamkia safari mwenye gari akapiga simu, gari limepata msiba. Hela ikarudi nusu. Tukajazana Stendi ya Magufuli kulipopambazuka, tukatawanyika kwenye mabasi matatu, tukalala kwenye mikeka kwa shangazi wa mwenzetu pale Majengo. Waliokimbia kilomita 21 tulikuwa watano. Nilidhani nimejiandaa, kumbe tambarare ya Temeke ilikuwa inanidanganya. Njia ya kuelekea Mweka inapanda, inapanda, migomba huku na huku, watoto wanakupungia, na wewe huna hata pumzi ya kuwajibu. Nikatumia nguzo zile zile za mama muuza dagaa. Saa mbili na dakika hamsini na moja. Tuliporudi nilisoma hasara yote mbele ya watu, pamoja na ujinga wangu wa kulipa gari lote kabla. Aliyepiga makofi ni mama muuza dagaa peke yake, sijui alikuwa anapongeza nini.

Machi Ramadhani na Kwaresima ziliingia wiki moja, yaani nusu ya klabu imefunga na nusu nyingine nayo imefunga. Alfajiri ikafa. Tukahamia saa kumi na moja jioni, matembezi tu, tunamaliza adhana ikikaribia, na tende zinatoka kwenye mfuko wa klabu. Kuna Wakristo watatu waliokula tende mwezi mzima wakidai nao ni futari yao. Aprili masika ikatushinda, sina la kuongeza; ukiona maji ya Mtongani yanavyosimama barabarani utanielewa.

Tulipofika Agosti mama wa dagaa alikimbia Mtongani hadi Uhasibu bila kuhesabu nguzo. Hakusema kitu. Alipofika aliketi, akavua raba zake za mtumba, akaanza kumgombeza mpishi kwamba supu haina ndimu.

Halafu Septemba 15. Usiku ule, saa tisa na ushei, simu yangu ilitetemeka mpaka ikaanguka kitandani. Alphonce Simbu kashinda marathoni ya dunia kule Tokyo. Yeye na Mjerumani, Amanal Petros, wote 2:09:48, wametenganishwa na sehemu tatu tu za mia za sekunde. Mtanzania wa kwanza kuchukua dhahabu ya mashindano hayo. Sisi tuliolelewa na habari za mkimbiaji wetu Filbert Bayi na rekodi yake ya dunia ya mita 1500 ya 1974, tukadhani mambo hayo yamebaki kwenye redio za baba zetu, tulilia. Mimi nililia, nimekaa sakafuni kati ya vitambaa vya wateja.

Jumapili iliyofuata walikuja wageni 19 kwa mpigo. Wote wametoka na kasi ya Tokyo. Walipofika Kwa Azizi Ally nusu yao walikuwa wameinama wameshika magoti. Kocha alinitazama, akacheka, akavua firimbi yake akanipa nimshikie, kisha akarudi mwenyewe kufunga mkia, zamu isiyo yake. Wiki ya pili walirudi wanane. Saba kati yao ni wale waliotembea naye.

Mkutano wa mwaka tulifanya Jumapili ya mwisho ya mwezi huo, palepale kwenye mihogo. Tulikuwa 46. Nikasoma daftari tangu ukurasa wa saba hadi wa mwisho, jua likatupanda. Salio: 83,400. Nikafunga, nikamnyooshea Mwenyekiti, nikamkumbusha kwamba ulikuwa mwezi mmoja.

Mama muuza dagaa akanyoosha mkono. "Hazina, samahani mwanangu. Hiyo mia nne imetokea wapi?"

Ikabidi nifungue tena, nianze kutafuta.