Mashine ya mkate: nilivyopiga hesabu mpaka nikanunua

Kwetu mkate unaliwa sana, watoto wanne, mume wangu, mimi na mavyaa, boflo ya gramu 400 ikifika asubuhi haioni saa nne. Sasa ule mwaka wa 2024 serikali ilipotaka kuupiga mkate kodi ya VAT ya asilimia 16, Lamu nzima mazungumzo yalikuwa mkate tu, barazani mkate, gatini mkate, na ndio hapo nikaanza kuziangalia hizi mashine za kuoka mkate nyumbani kwa jicho la kununua. Ile VAT waliitoa Juni mwaka huohuo, hata kabla mswada wenyewe haujaangushwa, lakini mimi wazo lilishaniingia.

Sikukimbilia kununua. Binamu yangu anakaa Shela, kuna Mzungu aliyekuwa amepanga huko akamwachia mashine alipohama, ikawa imekaa tu juu ya kabati inakula vumbi, nikamwambia niazime mpaka niijue. Kwa anayefikiria kununua naona hilo ndilo la kwanza, azima, manake mtu wa dukani atakwambia inafanya jamu, inafanya keki, inafanya mtindi, wewe unatikisa kichwa tu na jikoni kwako mambo hayo hayapo.

Haya, hesabu. Unga wa ngano kilo mbili nilikuwa nanunua 170, mkate mmoja unakula nusu kilo, hiyo ni kama 43. Hamira, sukari, mafuta kijiko na chumvi nikaziwekea 20. Stima niliipima mwenyewe, nikachomoa friji nikasoma mita kabla na baada, haikufika nusu yuniti, sababu mashine yenyewe ni wati 600 hivi na joto la kuokea linawaka ile saa ya mwisho tu, kule nyuma kote ni mota inakanda halafu inangoja unga uumuke. Nikaweka 15. Jumla 78, na unapata mkate wa gramu 750 hivi. Boflo ya 400 dukani ilikuwa 65, kwa hivyo uzito kama huo ungeununua kwa 120 na kitu. Faida ni shilingi arobaini na kidogo kwa kila mkate, na mashine mpya nilizoziona Mombasa zilikuwa zinaanzia elfu kumi, basi gawanya mwenyewe, ukioka kila siku ni miezi saba minane ndio pesa yako irudi, ukioka siku moja moja unaingia mwaka wa pili.

Na hesabu hiyo ina shimo! Inadhani mkate wa nyumbani unaliwa kama wa dukani. Wallahi hauliwi hivyo. Mkate ukitoka moto, nyumba nzima inanukia, hakuna mtu anayekula slesi mbili akanyanyuka, watakula na siagi, watakula na chai, jirani atapita kusalimia, ikifika adhuhuri umebaki ule upande wa chini wenye tundu la kipanga, kile kichuma kinachozunguka ndani kukanda unga. Ukibaki nao kesho umekauka, keshokutwa kwa hii hewa yetu ya unyevu umeota ukungu, manake hauna zile dawa wanazotia viwandani. Kwa hivyo kama mtu ananunua ili abane pesa ya mkate, mimi naona bora abaki na boflo yake.

Joto nalo. Kijitabu cha mashine kimeandikwa na watu wa jikoni za baridi, kinakwambia maji ya vuguvugu na kijiko kizima cha hamira, ukifuata hivyo hapa mwezi wa pili wakati wa kaskazi unga unaumuka mbio, unapanda mpaka unagusa kifuniko, halafu joto la kuokea likija unaporomoka katikati kama godoro lililokaliwa. Dawa yake ni maji ya mtungini yaliyo baridi na kupunguza hamira robo hivi. Na maji unayatia kidogokidogo kwa macho, unga wa huku umeshakunywa unyevu ukiwa kwenye debe, vipimo vya kitabuni vinakuletea uji. Chumvi pia angalia, maji ya nyumba nyingine mjini hapa yana chumvi yake tayari, na chumvi ikizidi inaidumaza hamira.

Stima ndiyo iliyonitia wasiwasi kuliko yote. Mkate wa kawaida unachukua saa tatu na zaidi, na nyingi ya hizi mashine zinavumilia stima kupotea dakika chache tu, ikipita hapo ikirudi imesahau ilikuwa wapi. Nilivyofanya mimi, stima ikikatika unga umeshakandwa, nautoa, naupaka mafuta, nauweka kwenye sufuria, naupalilia makaa juu na chini kama mkate wa sinia. Unatoka mzuri tu, mimi hata naupenda zaidi, gamba lake linakuwa gumu kidogo.

Mavyaa muda wote huo anaangalia, hasemi kitu. Siku moja akaniambia, "Mwanangu, wewe wahangaika na boflo, boflo dukani ziko. Hebu itie unga wa mahamri tuone."

Basi nikatia. Nusu kilo ya unga, sukari, iliki, hamira, na tui la nazi badala ya maji, nikabonyeza ile programu ya kukanda tu bila kuoka, inachukua saa moja na nusu. Mwanzo lazima usimame nayo na mwiko usukume unga uliokwama pembeni, manake tui zito linafanya unga uwe mgumu kuchanganyika. Baada ya hapo mashine inaenda yenyewe. Ule unga ulitoka laini, unavutika, nikakata madonge, nikasukuma, nikakaanga, yakafura yote, na mavyaa mtu ambaye hamri likiwa bapa analirudisha sahanini bila maneno siku hiyo alikula akaomba chai ya pili.

Hapo nikaelewa nanunua nini. Kwetu mahamri ni kila Ijumaa, Ramadhani ikija ni kila kitu cha unga, na Maulidi wageni wakijaa mji huu unakanda mpaka vifundo vya mikono vinauma, na mikono yenyewe ni yangu. Mashine haichukui zaidi ya nusu kilo na kidogo, ukiizidishia mota inaanza kunuka, lakini donge la kwanza likiwa linaumuka bakulini la pili linakandwa, na mimi nimekaa nasafisha samaki.

Nikaamua mtumba, zile zinazotoka Uingereza, Mombasa zipo kwa nusu ya bei ya mpya. Za Uingereza hazina taabu, stima yao inalingana na yetu na plagi ni ileile ya meno matatu bapa, lakini ya Marekani ni volti 120, ukiichomeka hapa hivihivi umeiua. Nilimtuma kaka yangu na nikamwambia asilipe kabla hajaangalia kipanga cha kukandia kipo, ndicho kinachopotea sana, sufuria yake ya ndani isiwe inabambuka ile rangi nyeusi, atie maji kidogo aone kama haivuji chini kwenye mhimili, halafu aichomeke aisikilize ikizunguka. Mwenye duka alinuna lakini akakubali. Ikapanda basi mpaka Mokowe, ikavuka na boti, na hamali akaileta mpaka mlangoni akiuliza kama ni redio.

Wifi yangu wa Malindi juzi kanipigia, naye anaitaka. Wako wawili tu nyumbani, mahamri ananunua kwa mama wa jirani kila asubuhi yakiwa moto. Nikamwambia wifi, hiyo pesa nunua friji kubwa.