Beringi za trela ya boti huliwa zikiwa zimesimama

Ami yangu ana boti ya faiba ya kuvulia hapa Mtwapa, nami ndiye niliyekabidhiwa trela yake. Boti ina wenyewe: nahodha, mabaharia, fundi wa mashine. Trela haina mtu. Hukumbukwa siku ya kuishusha boti na siku ya kuipandisha, basi. Ilipokuja mikononi mwangu ilikuwa imezoea kubadilishwa beringi kila msimu, na kila msimu lawama zilikwenda kwa matuta ya barabara ya Kilifi au kwa spea za siku hizi. Nikaomba beringi kuukuu zisitupwe. Nilizichovya kwenye mafuta ya taa, nikazisugua kwa brashi na kuziangalia juani moja moja, na nilichokiona hakikuwa kazi ya barabara.

Beringi iliyoungua kwa mwendo huacha rangi ya buluu au ya kahawia kwenye chuma, na grisi yake hukauka ikawa nyeusi. Hizi chuma chake kilikuwa cheupe. Ndani ya vikombe, yaani zile pete za nje zinazokaa kwenye habu, kile kitovu cha gurudumu, kulikuwa na mistari ya kutu iliyopishana kwa nafasi sawasawa, kila mstari pale kipipa, kile kichuma cha duara kinachoviringika ndani ya beringi, kilipokuwa kimelala. Gurudumu linalozunguka halichori mistari ya namna hiyo. Maji ya chumvi yaliingia wakati wa msimu, upepo wa kusi ukaanza, boti ikapandishwa, trela ikaegeshwa chini ya mkorosho, na chumvi ikala miezi yote ya mvua bila kusumbuliwa. Bahari ilipotulia na trela kuvutwa tena, vipipa vikawa vinapita juu ya vishimo vya kutu. Hapo ndipo kelele na joto vilipoanza, na barabara ikasingiziwa.

Maji yenyewe huingia hivi. Kutoka Kilifi mpaka Mtwapa ni kilomita takriban 40, na trela ikifika habu huwa imepata moto, hata ikiwa nzima. Hewa iliyo ndani yake imetanuka. Ukiirudisha majini papo hapo, chuma hupoa ghafla, hewa hunywea, na habu huanza kuvuta. Pa kuvutia ni nyuma, kwenye sili, ile pete ya mpira inayoziba habu. Sili nzima hupambana, sili iliyochoka hupitisha.

Kwa hiyo dawa ya kwanza haikunigharimu kitu. Tukifika, trela hukaa juu kwanza. Tunafungua mikanda, tunatia plagi ya boti, tunapakia vyombo, nami naweka mgongo wa mkono kwenye habu. Ikiwa bado ya moto, haishuki. Mabaharia walinung'unika kwa kuhofia maji yatapwa, nikawaelewa. Tukakubaliana kufika mapema kabla maji hayajajaa ili kungoja kusitupotezee wakati. Tena napendelea siku za bamvua, maji yanapojaa juu kabisa. Kwetu mteremko ni mkali juu na tambarare chini, kwa hiyo bamvua boti huelea magurudumu yakiwa hayajazama sana, lakini maji mafu, yasiyojaa sana, hutulazimu kuisukuma trela mbali mpaka habu zote zizame.

Sili ni sehemu ya bei ndogo, na ndiyo niliyoipa muda mwingi. Nikifungua habu sirudishi sili ya zamani, hata ionekane nzuri vipi. Nanunua yenye midomo miwili, mmoja wa kuzuia grisi isitoke na mwingine wa kuzuia maji yasiingie, na upande wenye springi ndogo hutazama ndani kwenye grisi. Lakini sili mpya peke yake haitoshi. Mdomo wake husugua ekseli mahali pamoja, na pale pakiwa na kutu, sili mpya hukatika mapema. Nilipapiga msasa laini sana kwa kuzunguka, si kwa kwenda mbele na nyuma, kisha nikapapitisha ukucha. Upande mmoja ukucha ulinasa kwenye mfereji. Hapo niliweka pete nyembamba ya chuma kisichoshika kutu juu ya ekseli, na sili ikapata pa kukalia. Kuiingiza natumia kipande cha ubao, nagonga kidogo kidogo pande zote ili isiingie mshazari, na mdomo naupaka grisi kwanza usije ukasugua mkavu.

Dukani, usiende na maneno, nenda na namba ya beringi. Ekseli yetu ina L68149 ndani na L44649 nje. Iko L44643 pia, na hizi mbili hutumia kikombe kimoja, L44610, kwa hiyo kwa nje zinalingana kabisa. Tofauti ni tundu: moja ni milimita 25.4 na nyingine inakaribia 27. Ekseli ya tundu dogo ikivalishwa beringi ya tundu kubwa, beringi huingia vizuri, kisha hucheza barabarani. Na beringi mpya juu ya kikombe kuukuu ni pesa ya kutupa. Ving'oe vyote viwili.

Grisi naipaka kwa kiganja. Naweka fungu kiganjani, naukandamiza upande mpana wa beringi pembeni mwake mpaka grisi itokeze kati ya vipipa upande wa pili, kisha nageuza na kuendelea duara nzima. Ni grisi ya baharini, na ya aina ile ile siku zote, kwa sababu baadhi ya grisi zikichanganywa hulainika na kukimbia. Nati naikaza huku nikizungusha habu ili beringi zikae, nailegeza, kisha nairudisha kwa vidole tu mpaka tundu la pini lipatane na pengo la nati. Panatakiwa mchezo mdogo sana, chini ya robo milimita. Pini ni mpya kila mara. Baada ya kilomita 20 au 30 nasimama, naigusa habu, na nikifika naikagua nati tena.

Vifuniko vya habu vyenye nipo, ile chuchu ya kupampia grisi, ninavyo, na vinasaidia, lakini sivitegemei. Vingi husukuma grisi kutokea mbele, na ukipampu kwa nguvu utaitoa sili mahali pake nyuma bila kuona.

Jambo lililobadilisha hali hasa ni tarehe. Zamani trela ilifunguliwa boti ikikaribia kurudi majini. Mimi naifungua Aprili, mara tu boti inapopandishwa. Ami alinikuta nimeketi chini na habu zote nne.

"Mwanangu, kitu hakilii, wewe wakifungulia nini?"

Nikamwonyesha habu moja ya nyuma. Grisi yake ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, dalili ya maji ndani. "Ami, hiki kingelia Septemba."

Hakusema tena, na pesa za sili alizitoa.

Wakati wa kusi trela hukaa juu ya magogo, matairi hayagusi chini, na kila nikipita nazungusha kila gurudumu ili vipipa visilale mahali pamoja. Kuisuuza natumia maji ya mvua ya tangini, maana visima vingi vya ufukoni kwetu vina chumvi navyo. Maji nayamwaga taratibu. Mashine ya kuoshea magari siielekezi nyuma ya habu hata kidogo.

Garini kuna ndoo yenye kifuniko, ndani yake habu nzima iliyokwisha kufungwa vikombe, beringi na sili, imepakwa grisi, pamoja na wosha, nati na pini mbili.