Siku babu alipofua nepi

Nikisikia vijana wanasema wanaume wa zamani ndo walikuwa wanaume, hawakugusa kazi za ndani, huwa namkumbuka babu mzaa baba, maana kwa kijijini kwetu Rungwe yule mzee ndo alikuwa kipimo chenyewe. Miaka ya 50 alienda na Wenela, lile shirika lililokuwa likiandikisha watu wa migodini, kuchimba dhahabu Joni, yani Johannesburg kule Afrika Kusini, enzi hizo kijana wa Kinyakyusa akitaka hela ya ng'ombe wa mahari njia mojawapo ilikuwa hiyo, mpaka tulivyopata Uhuru 1961 serikali ikaja kusitisha. Akarudi na koti refu, sanduku la bati, na heshima ambayo haijawahi kupungua. Sisi wajukuu hatukuwahi kumuona hata akiinua sufuria.

Sasa 2008 mwezi wa nne mke wangu akajifungua kwa operesheni, mtoto wetu wa kwanza. Nilikuwa kiwanda cha chai, nikachukua zile siku 3 za baba zilizopo kwenye sheria ya kazi ya 2004, mama mkwe yuko Sumbawanga hajafika, mama anaumwa, kwahiyo nikawa mimi hapo bombani na beseni la nepi za kitambaa. Na mvua ya Tukuyu mnaijua, nguo haikauki, unafua unapiga pasi ya mkaa unafua tena. Jirani akapita na wenzake, "Aisee kaka, umelishwa limbwata nini?" wakacheka mpaka barabarani. Iliniuma sana, siwezi kuficha.

Babu akaja kumuona kitukuu, akanikuta pale. Akasimama kidogo. "Mjukuu wangu, hiyo unapapasa, hufui. Sogea." Akakunja mikono ya koti, akapaka sabuni ya mche pale penye doa tu, akasugua kitambaa na kisigino cha kiganja, taratibu, akasuuza mpaka maji yakabaki meupe, akakamua kwa kusokota mara moja. Nilibaki nimeduwaa.

"Babu umejifunzia wapi?"

"Joni tulikuwa chumba kizima wanaume watupu, unadhani nani alikuwa anatufulia?" Akanihadithia mwenzake waliyetoka naye huku, jiwe lilimvunja mguu mgodini, babu ndo alikuwa anamuogesha na kumnywesha uji mpaka akasimama.

"Na uliporudi?"

"Nilirudi na hela ya ng'ombe. Baba akasema mwenye ng'ombe anafuliwa."

Yani huu uanaume tunaoambiwa ni wa mababu, babu mwenyewe aliuvaa alipofika nyumbani kama alivyovaa lile koti, na bibi wa watu kafua miaka yote hadi anafariki, mume anajua kufua kuliko yeye. Hilo mpaka leo linanichoma.

Yule jirani akawa anarudi, safari hii peke yake. Babu hata hakunyanyua kichwa, "We kijana, chukua hiyo ndoo utuongezee maji." Akachukua, utamkatalia vipi mzee yule, na akatuchotea mpaka nepi zote zikaisha.