Mary wa toleo la 8
Jana usiku nimerudia Transmetropolitan, ile katuni ya Warren Ellis na Darick Robertson, matoleo 60, 1997 hadi 2002. Spider Jerusalem, mwandishi wa habari mwenye kipara na miwani yake, kioo kimoja chekundu cha duara, kingine cha kijani cha mstatili, akipambana na marais waongo: hapo wengi mnapajua. Mimi nimekwama kwa Mary. Alikuwa mpiga picha za habari. Alipokufa akagandishwa, miaka mingi baadaye akaundiwa mwili mpya na kufufuliwa. Kisha akaachwa tu mtaani, hana wa kumpokea. Spider anaisimulia habari yake kwa upole nisioutarajia. Nimelia, jamani. Saa nane usiku, usingizi sina.