Bila Sababu ya Msingi

Usiku wa kuamkia Oktoba 10, 2022 sikulala kwa sababu ya fulana. Zilikuwa za Siku ya Afya ya Akili Duniani na zilikuwa hazijafika. Nilikuwa idara ya utumishi, shughuli yote ilikuwa juu yangu.

Wiki mbili kabla, Shirika la Afya Duniani lilikuwa limetoa mwongozo wa afya ya akili kazini. Niliupitia juu juu nikitafuta takwimu ya kutikisa ukumbi, nikaipata: kila mwaka dunia hupoteza siku za kazi bilioni 12 kwa sababu ya sonona na wasiwasi. Nikaiweka kwenye projekta kwa herufi kubwa. Ukumbi ukatikisika kweli.

Wakati wa kugawa fulana, kijana mmoja wa uhasibu alinisogelea, mikono mitupu.

“Dada, hizo siku bilioni 12, zangu zimo?”

Nikacheka. Yeye hakucheka.

“Maana kwenye faili langu mmeandika utovu wa nidhamu.”

Nilikwenda kulifungua faili. Barua mbili za onyo, saini yangu chini: “amechelewa kazini mara tisa bila sababu ya msingi.” Sababu yenyewe sikuwahi kumuuliza.

Kesho yake tulikaa kwenye ngazi za nyuma, kwani aliyeonekana akiingia ofisini kwetu alihesabiwa kafukuzwa. Alikuwa na sonona. Dawa anazomeza usiku zilimwacha na kichwa kizito mpaka saa tatu asubuhi. Hakusema mapema kwa kuwa mwenzake aliyesema alibandikwa jina la utani, na hata sisi utumishi tulilitumia. (Nililitumia.)

“Nikiingia saa nne nikatoka saa kumi na mbili, mahesabu yataharibika?”

Yasingeharibika. Safari hii niliusoma mwongozo wote. Kumbe pamoja na mambo mengine unataka wasimamizi wafunzwe, na kazi irekebishwe imfae mwenye tatizo. Meneja akahoji: “Na wengine wakitaka?” Nikamkumbusha tulishambadilishia saa mfanyakazi anayesoma chuo cha jioni, na hakuna aliyehoji. Akakubali huku kanuna.

Barua zile nilitaka kuzichana. Utaratibu ukakataa; niliruhusiwa tu kuzipiga muhuri wa “IMEFUTWA”. Naondoka pale miaka miwili baadaye, bado zilikuwamo failini, na chini ya wino mwekundu saini yangu inasomeka vizuri tu.