Ndevu zangu na kitambulisho changu
Mimi ni mtu wa jinsia mbili (intersex), yaani nimezaliwa na maumbile yasiyo ya kike tu wala ya kiume tu. Leo nimeenda kurudisha laini ya simu, dada wa kaunta anaangalia kitambulisho kimeandikwa mwanamke, anaangalia ndevu zangu, anaita mwenzake, huyo naye anaita soja, foleni yote inanitazama. Nikatoa barua ya daktari, ile imechanika kwa mikunjo, wakaisoma kwa sauti jamani, mambo ya mwili wangu mbele ya watu! Sensa ya 2019 ilituhesabu watu wa jinsia mbili 1,524 hapa Kenya, na Sheria ya Watoto ya 2022 inawatambua watoto waliozaliwa kama sisi, nawafurahia sana hao wadogo, lakini sisi wakubwa je? Mwenye ashabadilisha jina kwa cheti cha shule aniambie alianzia wapi, kazi zinanipita.