Saketi Iliyopenda Mgonjwa

Betri ya shangazi ilikuwa imekufa mara mbili ndani ya miezi 14, na mara zote mbili nilihudhuria mazishi. Kibanda chake cha kuchaji simu kilikuwa Busia, upande wa Uganda, karibu na foleni ya malori yanayosubiri karatasi za forodha. Paneli moja ya wati 80 juu ya mabati, betri ya volti 12 chini ya meza, na ubao uliopigiliwa chaja za gari, nyaya zikining'inia kama mizizi. Simu moja shilingi 500. Wateja ni madereva, matingo, wabadili fedha, na vijana wa bodaboda, ambao hawakosi kukukumbusha kwamba bodaboda ilizaliwa mpakani hapa. Anayetoka Nairobi na anayetoka Kampala wakikutana mezani kwa shangazi, Kiswahili ndicho kinachokaa katikati.

Tatizo lilikuwa jua likizama. Mteja anakuja saa moja usiku, anabembeleza, na shangazi hana moyo wa kumfukuza mtu. Betri inakamuliwa mpaka volti 10, kesho yake hivyo hivyo. Betri za risasi na asidi hazisamehi mchezo huo: ikikaa tupu, salfeti hugeuka fuwele ngumu kwenye sahani za ndani, na kila siku inabeba kidogo kuliko jana. Mwisho unauza chuma chakavu kwa bei ya kilo.

Ilikuwa mwaka 2014. Nilikuwa nimemaliza S.6, yaani kidato cha sita, na niko kwenye ile likizo ndefu ya kusubiri matokeo, likizo ambayo humfanya kijana aamini anajua kila kitu. Nilimwambia shangazi nitamtengenezea kifaa cha kukata umeme betri ikishuka na kuurudisha ikijaa. Ningeweza kukiunga juu ya kipande cha kadibodi kama nilivyozoea, nyaya zikipishana kama tambi. Lakini nilitaka bodi halisi, yenye njia za shaba, kama zile nilizokuwa nikiziona ndani ya redio mbovu tangu darasa la tano. Binamu yangu aliyekuwa utingo aliniletea kipande kimoja cha bodi ya shaba kutoka Luthuli Avenue, Nairobi. Kimoja tu. Ukubwa wa kiganja.

Moyo wa saketi ulikuwa IC ya 555, kile kipande cheusi cha miguu minane chenye saketi nzima ndani yake. Hans Camenzind aliibuni mwaka 1971, ikaingia sokoni 1972, na kopo la fundi redio wa kwetu halikosi moja. Ndani yake kuna resista tatu zilizo sawa, zinazogawa umeme wake katika theluthi. Ukiilisha volti 5 zisizoyumba, basi inalinganisha mambo na volti 1.67 upande mmoja na 3.33 upande wa pili. Nikaipa kionjo cha volti za betri kupitia resista mbili za kurekebisha, zile zinazozungushwa kwa bisibisi: betri ikishuka hadi 11.6, IC inaamsha rilei, yaani swichi inayovutwa na koili ya umeme, na kuwasha taa nyekundu, chaja zinakatika; ikipanda hadi 12.8, rilei inalala, chaja zinarudi. Ile nafasi katikati ya 11.6 na 12.8 ndiyo iliyonifurahisha zaidi. Bila hiyo, kifaa kingekata na kuunga, kata na kuunga, kama mlango usio na komeo siku ya upepo.

Bodi niliichora kwenye kompyuta ya kuazima, kwa KiCad, programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 1992 na Jean-Pierre Charras wa Grenoble, Ufaransa. Siku mbili za kusogeza njia moja ili nyingine ipite. Mtu ambaye hajawahi kufanya kazi hiyo hawezi kuelewa raha yake, na mimi siwezi kuieleza vizuri, ila kuna saa unagundua kwamba ukigeuza resista moja tu, njia tatu zilizokuwa zikigombana zinapatana. Mwisho kabisa, pembeni, nikaandika SHANGAZI kwa herufi za shaba.

Sasa hapa panahitaji maelezo kidogo. Kuhamishia mchoro kwenye shaba, unauchapisha kwa printa ya leza kwenye karatasi inayong'aa, unailaza karatasi kifudifudi juu ya shaba, unapiga pasi. Wino wa leza ni plastiki ya unga. Ukipata moto unayeyuka na kung'ang'ania shaba. Kwa kuwa karatasi imelala kifudifudi, picha inajigeuza yenyewe. Ndiyo maana kwenye karatasi herufi zinatakiwa zisome kinyume, ili juu ya shaba zisome sawa. Nilikuwa nalijua hilo. Nilikuwa nimelihakikisha mara tatu.

Nisichokihakikisha ni kijana wa duka la fotokopi. Nilimpa flashi na ukurasa niliouchana kwenye gazeti la mitindo, nikamwambia asikuze wala kupunguza, nikatoka nje kupokea simu. Niliporudi karatasi ilikuwa tayari. Nikatoa IC mfukoni, nikailaza juu ya mchoro: nafasi ya mguu hadi mguu milimita 2.54, imekaa barabara. Nikalipa, nikashukuru. Alitabasamu kama mtu aliyefanya wema na hataki kuutaja.

Pasi yetu ilikuwa ya mkaa. Vitabu vinasema weka pasi kwenye joto la pamba. Pasi ya mkaa haina namba, ina kupepea na kusubiri. Nilitema mate kidogo chini yake kama mama anavyofanya, ikalia chwii, nikajua iko tayari. Nikakandamiza kwa dakika kadhaa huku jivu likidondoka kwenye meza, kisha nikatumbukiza bodi kwenye maji na kuanza kusugua karatasi kwa kidole gumba. Ilikuwa usiku, taa ya chemli, karatasi ikitoka kwa vipande vilivyolowa kama uji mzito. Njia nyeusi zikaonekana. Hakuna hata moja iliyokatika! Nilikuwa na furaha ambayo haisomi herufi.

Dawa ya kula shaba ni feri kloridi, vibonge vya rangi ya manjano vinavyogeuka maji ya kahawia yanayotia doa kila kitu. Niliikoroga kwenye bakuli la plastiki. Haina urafiki na alumini; hilo nililijifunza kwa gharama ya sufuria moja ya mama, na nilikuwa bado sijasamehewa. Nikatikisa bakuli taratibu, nikitazama shaba ikififia kutoka pembeni kwenda katikati, mpaka zikabaki njia zangu tu.

Nikaosha. Nikasugua wino kwa steelwire ya kuoshea sufuria, shaba ikang'aa. Ndipo nikasoma jina la shangazi.

Lilianzia na I. H na A na I hazijali kioo, zinafanana huku na huku, lakini S na N na G na Z zilinitazama kama watu waliovaa shati ndani nje. Yule kijana wa fotokopi aliona maandishi yanasoma kinyume, akamhurumia mteja, akaweka alama kwenye kile kisanduku cha kugeuza picha kwenye printa. Alinirekebishia.

Kwa resista hilo si neno. Transista na kile kipande cha kushusha volti hadi 5, vyote vya miguu mitatu, unavigeuza tu viangalie upande mwingine. Lakini IC ya miguu minane haigeuki. Mguu wa 1 unaangukia mahali pa 8, na kwenye 555 mguu wa 1 ndio hasi na wa 8 ndio chanya. Ukiilehemu hivyo, unapata moshi. Nilikaa kwenye kigoda na bodi mkononi kwa muda mrefu. Kisha nikaigeuza, nikaigeuza tena, na jibu likawa humo humo kwenye kuigeuza: kama mchoro umepinduka, basi na IC ipande upande wa shaba badala ya upande wa pili. Nikatoboa matundu kwa keekee ndogo ya mkono, nikailehemu IC juu ya shaba, ncha ya chuma ikipenya kwa taabu chini ya tumbo lake. Ilikaa pale peke yake kama abiria aliyepanda juu ya basi, wenzake wote wako ndani.

Kuijaribu, nilipanga betri 9 mpya za tochi kwenye mfereji wa gazeti lililokunjwa, volti 13.5. Nikatoa moja: 12, kimya. Nikatoa ya pili: 10.5, tak! Rilei ikalia, taa nyekundu ikawaka. Nikarudisha moja, taa ikabaki. Nikarudisha ya pili, ikazima. Nililala saa nane usiku nikiwa mhandisi.

Asubuhi nilimkuta shangazi amekwisha panga simu za watu mezani. Betri ilisoma 12.9. Nikaunga kifaa changu, ndani ya kopo la plastiki la siagi, na simu zote zikafa ganzi.

"Subiri, shangazi. Ni kukirekebisha tu."

Nikazungusha bisibisi. Taratibu. Tak! Taa nyekundu ikawaka, na simu zote mezani zikaamka kwa pamoja, kila moja na mlio wake. Kijana wa bodaboda aliyekuwa akisubiri akapiga makofi. Shangazi hakupiga. Aliinamia kopo.

"Hii taa nyekundu inasema nini?"

"Inasema betri imekwisha."

"Na simu zinaingia chaji?"

"Zinaingia."

"Izime."

Nikarudisha bisibisi nyuma. Taa ikazima, simu zikalala.

"Sasa inasema betri imejaa?"

"Ndiyo."

"Na chaji haiingii." Akajinyoosha, akaniangalia. "Mwanangu, hiki kitu chako kinapenda mgonjwa na kumchukia mzima."

Bodaboda alicheka mpaka akashika usukani wa pikipiki yake. Mimi nilikuwa nimeshachukua mita. Rilei ina miguu mitano: mmoja katikati, miwili ya koili kandokando yake, na upande wa pili miwili inayopokezana. Rilei ikilala, ule wa kati hugusana na mmoja. Ikiamka, na mwingine. Koili haijali kugeuzwa. Ile miwili inayopokezana ndiyo imebadilishana viti, kama kulia na kushoto kwenye kioo. Usiku nilisikia tak nikaridhika. Sikupima tak hiyo imefunga mlango upi. Niliiokoa IC nikasahau kwamba rilei nayo ilipita kwenye kioo kile kile.

Sikwenda hata nyumbani. Niliazima wembe mpya kwa kinyozi wa jirani, nikakata njia moja ya shaba, nikapasha chuma changu kwenye jiko la mkaa la mama wa chapati, nikaruka kwa kipande cha waya hadi mguu wa pili. Nikaunga. Taa imezima, simu zinaingia. Nikazungusha bisibisi: nyekundu, kimya. Nikakirudisha kwenye 11.6 na 12.8 kwa mita, nikaziba kopo.

Kabla sijaziba, shangazi aliona herufi. Aliomba bodi, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu, kisha akaenda nayo kwa kinyozi na kuisimamisha mbele ya kioo kikubwa. Alisoma polepole, midomo ikitembea. Aliporudi hakusema lolote kuhusu hilo. Alisema rafiki yake wa Majanji, kule mwaloni, naye ana betri inayokufa kila mara, na angelipa.

Kwa hiyo wiki ile nilirudi duka la fotokopi na flashi yangu. Safari hii sikutoka nje. Nilimwambia yule kijana: maandishi yatasoma kinyume, yaache hivyo hivyo. Alitazama kioo cha kompyuta, akanitazama mimi, kwa ile huruma yake.

"Una uhakika, bosi? Nikurekebishie?"